Mama Labo na Malale ya Kwetu

Hospitalini kwetu hakuna anayekimbia ila kama kuna mtu anakata roho. Wauguzi tunatembea haraka, madaktari haraka zaidi kidogo, lakini kukimbia ni kuwatisha ndugu waliokaa kwenye mabenchi. Yeye alikimbia. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye umri wa mama yangu mdogo, na viatu vyake vya plastiki vilipiga sakafu pa pa pa kutoka maabara hadi wodi ya wanaume, koti jeupe likipepea nyuma, watu wote wa korido wakisimama na kushika vifua. Anafika mlangoni pangu, anashikilia fremu, anahema.

"Sista," anasema, "njoo uone kitu."

Na kitu chenyewe mara nyingi hakikuwa cha kumkimbiza mtu yeyote. Kilikuwa yai la mnyoo lenye umbo zuri. Au kimelea cha malaria kilichopigwa rangi kikatokea vizuri mno, kipete kidogo cha zambarau ndani ya chembe ya damu. Nilikuwa naacha vidonge vya wagonjwa wangu juu ya toroli, namfuata, nainama kwenye darubini, nasema, "Nimeona, Mama." Hakuridhika. "Umeona nini? Sema umeona nini!" Hukuondoka pale mpaka umemweleza ulichoona.

Wakongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ndio waliompa jina. Kwao maabara ni labo, na yeye akawa Mama Labo. Jina likatoka kambini, likaingia hospitalini, na mwisho hata daktari mfawidhi alikuwa akimwita hivyo kwenye kikao. Mimi nilifanya naye kazi Kibondo kwanza, nikiwa muuguzi mpya, halafu tukakutana tena Kasulu, yeye akiwa mkuu wa maabara. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akinong'ona. Akikubali jambo husema "Ego!" kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Akikataa husema "Oya, oya, oya," kama anayefukuza kuku.

Nao kuku aliwaogopa kweli. Mtu aliyeweza kushika kopo la makohozi ya kifua kikuu huku anakusimulia habari za harusi, akiona jogoo uani anapanda juu ya benchi. Sindano pia. Siku tuliyochanjwa watumishi wote, alinishika mkono akafumba macho, akaniambia nimwimbie wimbo wowote wa kanisani, nami nikaimba, nikasikia foleni nzima inacheka. Alipofumbua macho akacheka kuliko wote.

Nyumba yake ilikuwa vurugu. Sufuria kitandani, vitabu jikoni, viatu vya watoto juu ya kabati. Lakini ukiingia maabara yake na kikombe cha chai, ulikuwa umejitafutia makubwa. Kila chupa ilikuwa na mahali pake. Kila meza ilikuwa na kazi yake, na kazi ya meza hii haikuruhusiwa kugusa meza ile. Nilimuuliza siku moja kwa nini nyumbani ni hivi na kazini ni vile. Akafikiri, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra, akasema, "Nyumbani nikikosea, tunakula ugali mbichi. Basi."

Si kwamba alikuwa mtu rahisi. Alikatiza maneno ya watu. Alisahau kuuliza hali. Mama yangu alipofariki, Mama Labo alikuja msibani kwetu Kumsenga, akaketi kwenye jamvi karibu nami, na badala ya pole akaanza kunieleza kwamba ile mashine mpya imefika Kasulu, imefungwa kwenye maboksi matatu, na hakuna wa kuifungua mpaka yeye arudi. Shangazi zangu walimtazama kwa macho mabaya. Halafu akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akaosha masufuria yote ya msiba peke yake, makubwa yale ya kukodi, mpaka jua likaelekea kuzama. Hakuruhusu mtu amsaidie. Alipoondoka mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji, na shangazi zangu wakaniuliza huyu mama ni nani kwenu.

Hiyo mashine aliyokuja kuitangaza msibani ndiyo iliyombadilisha, au tuseme ndiyo iliyompa kimo chake kamili. Mradi fulani uliileta, wakampeleka Dar es Salaam kujifunza, akarudi anaongea bila kupumua. Kabla ya hapo, kimelea kilijulikana kwa sura tu. Unakitazama kwa darubini, unasema hiki ni fulani kwa umbo lake. Sasa unaweza kukiuliza vinasaba vyake.

Alitueleza wote, mpaka mlinzi wa geti. Mfano wake ulikuwa duka la kutoa kopi pale stendi.

"Una kitabu kikubwa," alimwambia mlinzi, "unataka kujua kama ukurasa fulani umo. Huwezi kusoma chote, maandishi yenyewe madogo kuliko vumbi. Basi unaipa mashine mstari wa kwanza wa ukurasa huo. Inautafuta. Ikiukuta, inatoa kopi. Kopi inatoa kopi. Kopi za kopi zinajaa chumba mpaka hata wewe unaziona. Ukurasa ukiwa haumo, mashine inakaa tu, haitoi kitu."

"Na hizo kopi unazisomaje?" mlinzi akauliza.

"Sisomi! Maji kwenye kichupa yanabadilika rangi. Yalikuwa ya waridi, yanakuwa manjano. Waridi, hamna. Manjano, umo!"

Mlinzi akasema, "Hapo nimeelewa," na tangu siku hiyo kila akimwona asubuhi alimuuliza, "Mama, leo waridi au manjano?"

Kitu kilichonishangaza kuliko vyote ni jinsi alivyopenda kuonekana amekosea. Kuna mfanyabiashara mmoja wa Kibondo, mzee wa Kiislamu mwenye duka la vitenge, ndugu zake wako Tanga. Homa ilikuwa inamrudia kila baada ya miezi michache. Anatibiwa malaria, anapona, anarudi dukani, halafu homa hiyo tena. Mkewe alikuwa ameanza kuwashuku majirani kwa uchawi. Mama Labo alikuwa amesoma damu yake zaidi ya mara moja kwa darubini, na kila mara akasema ni malaria ya kawaida, ile tunayoiona kila siku. Mashine ilipokuja, akaitoa sampuli ya mzee akaijaribu, kwa kujifurahisha tu. Haikuwa ile ya kawaida. Ilikuwa aina nyingine, nadra, ambayo kimelea chake kinajificha ndani ya ini, kinalala, kinaamka, na dawa za kawaida hazikifikii huko.

Mtu mwingine angenyamaza, akaandika majibu mapya, basi. Yeye alikimbia korido nzima akipaza sauti, "Nimekosea! Nimekosea mara zote!" Mgonjwa wangu mmoja alijaribu kuinuka kitandani akidhani amepewa dawa mbaya. Kisha akampigia simu mzee mwenyewe. Nilikuwepo, simu ikiwa imewekwa sauti kubwa kama kawaida yake.

"Mzee wangu, shikamoo. Nilikuwa nakudanganya!"

"Marahaba. Unanidanganya nini, binti yangu?"

"Malaria yako siyo niliyokuambia. Ni nyingine, imelala kwenye ini. Njoo upimwe zaidi upate dawa ya kuitoa huko, na majirani zako waombe radhi, hawana kosa!"

Mzee akasema, "Alhamdulillahi. Sasa mama watoto amerudishiwa usingizi wake." Alipopona kabisa alimtumia Mama Labo kitenge kizito chenye maua ya njano, naye akakishona gauni la kuvaa Jumapili.

Nimeyasimulia hayo kwanza ili nitakalosimulia sasa lieleweke. Bila kujua kwamba mwanamke huyu alifurahia kosa lake kama wengine wanavyofurahia sifa, mtu atadhani siku ile ya malale alikuwa akiigiza.

Ilikuwa mwanzo wa kiangazi. Walituletea mwanamume kutoka Nyarugusu, Mkongo, baba wa watoto, amechomwa na homa, kichwa kinampasuka, mchana analala na usiku anakesha. Kwenye damu yake Mama Labo aliona vijidudu virefu vinajipindapinda kati ya chembe kama samaki wadogo ndani ya karai. Hakukimbia siku hiyo. Alikuja wodini akitembea, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Malale," aliniambia. "Ya wazi kabisa. Tatizo ni malale gani."

Sikujua kwamba kuna malale gani na gani. Akanieleza akiwa amesimama katikati ya vitanda. Vimelea vya malale vinavyowapata watu viko vya aina mbili, na vyote huletwa na mbung'o. Kimoja ni cha upande wetu huu wa mashariki. Kinakaa ndani ya wanyama wa porini na ng'ombe, mtu anakipata akiingia porini, na kinamwangusha upesi. Kingine ni cha upande wa Kongo. Kinakaa ndani ya watu wenyewe, kinatembea taratibu, mtu anaweza kuishi nacho muda mrefu bila kujua, na mbung'o akakitoa kwake kukipeleka kwa jirani.

"Chini ya darubini ni Bukuru na Butoyi," alisema. Hayo ndiyo majina tunayowapa mapacha kwetu, wa kwanza na wa pili. "Mapacha waliovalishwa nguo moja. Mimi nadhani ni wa hapa, kwa jinsi ugonjwa ulivyomjia kwa kasi. Lakini kudhani si kujua."

Dawa hazikusubiri jibu. Daktari alimwanzishia vidonge vinavyotibu aina zote mbili siku iliyofuata baada ya vipimo vyake vingine, na kazi yangu ikawa kuhakikisha ameshiba kwanza, maana dawa hiyo tumboni patupu haifanyi kazi inavyopaswa. Nilikuwa nakaa naye mpaka anamaliza sahani. "Yaya, niko nashiba," alikuwa akilalamika, yaya kwao ni dada. "Muhogo mmoja tena," namwambia, na anacheka, anakula.

Jibu lilisubiriwa nje, si kitandani. Habari zilikuwa zimefika sokoni Kasulu kabla hata mgonjwa hajalazwa vizuri. Wakimbizi wameleta malale kutoka Kongo. Wanawake waliokuwa wakienda kuuza ndizi na dagaa kwenye soko la pamoja karibu na kambi wakaacha kwenda. Mke wa mgonjwa alikwenda kununua sabuni kwenye duka alilolizoea, akaambiwa asimame nje, aletewe hapo hapo barabarani. Watu wakaanza kudai soko lile lifungwe kabisa. Ofisa mmoja kutoka wilayani alikuja hospitalini, mtu mpole, amechoka, simu yake haiachi kuita, akasema wazi, "Mimi nitafanya kama kipimo kitakavyosema. Kama ni ya Kongo, tutafunga soko na kupima kambi nzima. Kama ni ya hapa, tunakwenda kwenye ng'ombe na pori. Niambieni tu lipi."

Neno lile, wameleta, mimi nalijua tangu utoto. Baba yangu alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akalima, akazeeka hapa, akapewa uraia, na mimi ni Mtanzania wa makaratasi na wa moyo. Lakini shuleni kila upele ulipozuka darasani, macho yalianza kwetu. Kwa hiyo siku ya kipimo niliomba ruhusa, nikaenda kusimama mlangoni mwa maabara na wengine. Daktari alikuwepo, ofisa alikuwepo, na nje ya dirisha, akiwa ameshika nondo kwa mikono miwili, mke wa mgonjwa.

Mama Labo alipanga vichupa vyake kwenye kichomeo kidogo cha ile mashine, kinachovitunza kwenye joto moja. Viwili vilikuwa na vinasaba vya mgonjwa, kimoja kikiulizwa kuhusu kimelea cha hapa na kingine kuhusu cha Kongo. Pembeni kulikuwa na vichupa vyenye dawa hiyo hiyo na maji safi tu, bila damu, ambavyo havikupaswa kubadilika kwa hali yoyote. Akafunga mfuniko. Akaanza kutembea. Akakaa, akainuka, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Alipofungua, cha hapa kilikuwa kimegeuka manjano, naye akaruka, kweli aliruka, akapiga kofi kubwa.

Halafu akaviinamia vingine.

Cha Kongo nacho kilikuwa manjano. Na maji pia.

"Basi imeonekana," ofisa alisema kwa sauti ya mtu aliyetamani kwenda nyumbani. "Ya Kongo imo. Imebadilika."

"Na maji yamebadilika."

"Mama, maji ni maji tu."

"Ego. Na maji hayana malale." Aligeuka, uso umemlegea, nikamwona kwa mara ya kwanza kama mtu mzee. "Kama maji yanasema yana malale, basi hakuna kilichosema kweli hapa. Hata hicho nilichokipigia makofi. Nimechafua mimi."

Daktari akauliza kwa upole imekuwaje. Akasema wiki iliyotangulia alikuwa akiwafundisha vijana wa maabara, akafungua vichupa vilivyokwisha kupikwa, vimejaa zile kopi, ndani ya chumba kile kile. "Umeingia kwenye mashine ya kusaga? Unga unakaa kwenye nyusi, kwenye kuta, kwenye nguo. Ndivyo kopi zilivyo. Zimejaa humu, zimeingia kila kichupa." Akavua koti lake, akalikunja ndani kwa ndani, akalitia kwenye mfuko wa plastiki.

Ofisa alisugua macho. "Watu wananisubiri. Niwaambie nini?"

"Waambie Mama Labo ameharibu, anaanza upya. Jina langu litaje, usiogope."

Dirishani, mke wa mgonjwa aliuliza, "Mama, inasema aje?"

Mama Labo akaenda mpaka kwenye nondo. "Haijasema kitu, mama. Mimi ndiye niliyeichanganya. Nipe siku mbili."

"Mi niko nangojea," yule mama akajibu. "Miye hata ku soko siende tena. Nitaenda wapi?"

Alichofanya baada ya hapo kilikuwa kama maandalizi ya harusi. Alikataa kukanyaga maabara ya Kasulu. Damu nyingine ilikuwa imetolewa siku ile ile ya kwanza na kuwekwa jokofu la wodi kwangu, haijawahi kuingia kwake. Alipiga simu Kibondo, wakampa chumba cha stoo kisichowahi kuona kazi hizo, akawaagiza wakioshe kwa klorini kuta mpaka dari. Dawa za kipimo zilizokuwa hazijafunguliwa na kichomeo kingine vilikuwa kwenye ofisi ya mradi hukohuko. Asubuhi alikuja amesuka nywele upya, amevaa gauni ambalo hakuwahi kulivaa kazini, lile la maua ya njano. Akaniomba mimi niandamane naye, kwa kuwa damu ilikuwa mikononi mwangu na alitaka iendelee kuwa mikononi mwangu. Nikapanda gari la hospitali na kisanduku cha barafu mapajani.

Njiani alishindwa kunyamaza, kama kawaida. Alinieleza mambo ya jeni moja ambayo ni ya kimelea cha hapa peke yake, ndiyo inayokiwezesha kukaa ndani ya damu ya mtu bila kuuawa. "Ndiyo sahihi yake, Sista. Cha Kongo hakina hiyo, kina ujanja wake mwingine. Mapacha wamevaa nguo moja, lakini kila mmoja ana alama chini ya kwapa!" Dereva alikuwa akitikisa kichwa. Tulipopanda milima akaanza kuwapungia mkono watu wote wa barabarani, akiwasalimu kwa Kiha, "Mwakeye! Mwakeye!" na wao wakimjibu, wasijue ni nani.

Kibondo alijaza maji kwenye vichupa vingi kuliko vya mgonjwa. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Leo mashahidi wawe wengi." Mimi niliwekwa nje ya mlango, naona kupitia kioo. Nilimwona anafunga mfuniko. Nilimwona anapiga magoti sakafuni na gauni lake la Jumapili, macho yakiwa sawa na vichupa, mikono amejifungia mgongoni kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Muda ulikwenda. Nilikuwa naomba, nasema kweli, nilikuwa naomba kimelea kiwe cha kwetu.

Aliinuka polepole. Akatazama mstari wote wa maji, kimoja kimoja. Waridi. Waridi. Waridi. Akakitazama cha Kongo, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Waridi. Ndipo akakigeukia cha hapa, na hata mimi kupitia kioo niliiona, manjano kama kiini cha yai.

Alitoka nje ya mlango bila kuvua barakoa, akanipita, akaingia uani ambako wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye nyasi.

"Ni ya kwetu!" alipiga kelele. "Ni ya kwetu! Malale ni ya kwetu!"

Bibi mmoja aliyekuwa amelaza mjukuu mapajani alimwangalia kwa mashaka. "Wamepata nini, mwanangu?"

"Ugonjwa, bibi! Ni wa hapa hapa!"

"Na ndiyo mnashangilia?"

Mama Labo akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikajikuta nacheka, nalia, namshika bega. Akampigia ofisa simu, sauti kubwa. Alimweleza. Yule bwana akauliza swali moja tu.

"Na maji?"

"Maji ni waridi yote, ndugu yangu. Yote!"

"Basi soko halifungwi," akasema. "Naita watu wa mifugo."

Tulirudi Kasulu jioni hiyo hiyo. Mke wa mgonjwa alikuwa kando ya kitanda cha mumewe, anamlisha. Mama Labo akamweleza kwa utaratibu, kuhusu kimelea cha hapa na cha kule, na kwamba mumewe alikipata alipotoka kwenda kutafuta kuni kwenye msitu.

Yule mama aliweka sahani chini. "Sasa bwana yangu hakuleta kitu?"

"Hakuleta kitu. Alikikuta hapa."

"Kumbe ni nyinyi mulimupatia?"

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Mama Labo akatazama chini, akatazama juu.

"Ego," akasema. "Ni sisi. Tusameheni."

Mgonjwa mwenyewe, mdomo umejaa, ndiye aliyeanza kucheka.

Sitasema kila mtu alinyooka. Kuna muuza nyanya mmoja aliniambia usoni, "Hata kama kipimo kimesema hivyo," na akaendelea na maneno yake. Lakini soko lilibaki wazi. Watu wa mifugo waliingia vijijini, ng'ombe wakapigwa dawa ya kuua mbung'o, mitego ya vitambaa vya buluu ikatundikwa ukingoni mwa msitu, na mfugo mmoja wa upande ule, walipoupima, ulikuwa na kimelea kile kile. Mgonjwa aliondoka kwa miguu yake. Mke wake alirudi kwenye duka la sabuni, na safari hii akaingia ndani, akachagua mwenyewe.

Mama Labo alistaafu miaka kadhaa baadaye. Walimfanyia sherehe, akahutubia muda mrefu mno. Tukapoteana, kama watu wa kazi wanavyopoteana, salamu za simu wakati wa sikukuu.

Nilimwona tena mwaka jana, Kakonko. Nilikuwa nimekwenda na timu ya chanjo, na njia yetu ilipita kwenye mnada wa ng'ombe. Vumbi, miluzi, fimbo. Chini ya turubai pembezoni mwa zizi kulikuwa na meza, kichomeo kinachotumia betri ya gari, na mwanamke mnene mwenye mvi akigombana na mtu wa mifugo kuhusu kivuli. Nilijua sauti kabla ya sura. Alikuwa amepewa kazi ya muda ya kutafuta malale kwenye damu za ng'ombe wa wilaya ile. Akanikumbatia na glavu zake zikiwa juu hewani, zisiniguse, akaniuliza hali ya watoto wangu, kila mmoja kwa jina, na akasubiri majibu. Kustaafu kulikuwa kumemfundisha jambo.

Mbele yake alisimama mzee mrefu mwembamba, mwenye ng'ombe weusi wawili na ndama. Alikuwa amengoja jibu kwa muda, fimbo imelala mabegani.

Mama Labo akafungua mfuniko. Akaniita, "Sista, njoo uone kitu!" Nikaja. Vichupa vyote vilikuwa waridi. Vya wale ng'ombe, vya ng'ombe waliotangulia, safu nzima ya asubuhi.

"Sioni kitu, Mama," nikasema.

"Ndiyo!" Alikuwa anapiga meza kwa furaha mpaka vichupa vinacheza. "Hakuna kitu! Juzi hakuna, jana hakuna, leo hakuna!"

Mzee akashusha fimbo. "Kwa hiyo umenisimamisha hapa juani, na hakuna kitu?"

"Hakuna kitu, mzee wangu! Ng'ombe wako hawana chochote!"

Alitutazama sote wawili kwa zamu, kama anayejaribu kujua ni nani kati yetu mwenye akili timamu. Akawageuza ng'ombe wake, akaondoka bila kuaga. Alipofika mahali wenzake walipokuwa wamesimama wanasubiri zamu, aliulizwa jambo ambalo hatukulisikia. Akasimama. Nikaona mgongo wake unanyooka, fimbo inapanda juu, na kisha sauti yake, kubwa kuliko nilivyomdhania, ikavuka zizi zima.

"Nta ndwara!" alikuwa akiwaita kwa Kiha, hakuna ugonjwa, hakuna ugonjwa. "Nta ndwara! Leteni ng'ombe!"